Sauti Chini ya Gati la Mzee Shaame

"Hapa pana giza," ilisema sauti ya marehemu Bi Mize kutoka kwenye kisanduku kilichokuwa mapajani mwa Makame. "Giza limekaa. Majani yananyong'onyea."

Raya hakugeuka. Alikuwa amesimama mbele ya boti ya halmashauri, mkono mmoja ameshika nguzo ya gati la Bwana Suwedi, na alifanya kama alivyojizoeza tangu alipoajiriwa kuwa afisa wa magati wa Mji wa Kirundo. Aliisubiri sauti ya mama yake imalize, ndipo akasema na mwenye gati.

"Bwana Suwedi, umeezeka."

"Kivuli kidogo tu cha wageni, binti Shaame. Watu wanashuka botini na jua hili, wataungua ngozi."

"Gati hatujakukataza. Tumekukataza kulifunika. Leo hii uteremshe hayo makuti."

Bwana Suwedi alikuwa na nyumba ya wageni kubwa kuliko zote ufukweni, na hakuzoea kuambiwa "leo hii." Alikitazama kisanduku kama mtu anayetazama nyoka mapajani mwa mwenzake.

"Mimi nakwambia kitu," alisema. "Ninyi hicho mnakiita Shahidi. Mimi nakiita mzimu. Ipo siku nitasimama mbele ya madiwani niwaulize, mji gani duniani unatunga sheria kwa kumsikiliza maiti? Na wewe, hata huogopi? Mama yako mzazi!"

"Makuti, Bwana Suwedi," Raya alisema.

Zamani, kabla Raya hajazaliwa, bahari ilipopanda ikaila barabara ya pwani, kila mwenye nyumba Kirundo aliyekuwa na uwezo alijijengea gati lake mpaka kwenye maji ya kina, boti imfikie mlangoni. Magati yakajipanga ufukweni kama meno ya kitana. Kivuli hakikumpitia mtu akilini. Chini ya kila gati nyasi bahari zilikosa jua zikafa, na zilipokufa mchanga ukakosa wa kuushika. Siku moja ya bamvua, bahari ilipojaa kuliko kawaida, mtaa wa Msufini uliteleza wote ukaingia baharini, nyumba pamoja na waliokuwamo.

Baada ya msiba ule ndipo Bi Mize, mtaalamu wa mimea aliyezaliwa mtaa huohuo, alipozalisha nyasi za aina mpya, zenye mizizi inayosukana chini ya matope kama ukili wa mkeka. Wanawake wa mji walizipanda kwa mikono yao. Watu wakaziita mkeka, na kweli mji mzima sasa ulikuwa umeukalia.

Mkeka huo una adui mmoja tu, kivuli. Halmashauri ilitandaza ndani ya matope nyuzi nyembamba kama nywele, zikawa zinasikiliza umeme hafifu unaopita kwenye mizizi. Mafundi walizichora ishara zile, wakawaonesha madiwani, nao madiwani wakapiga miayo. Michoro haimlizi mtu. Ndipo mafundi walipotengeneza Shahidi, mashine inayogeuza maumivu ya nyasi kuwa maneno, na Bi Mize, aliyekuwa ameshaanza kuugua, akaitolea sauti yake. Miezi yake ya mwisho kinasa sauti kilikaa juu ya mto wake kikiokota kila alichosema. Siku Shahidi aliposema kwa mara ya kwanza mbele ya halmashauri, Bi Mize alikuwa ameshazikwa, na Sheria Ndogo ya Magati ilipita bila diwani hata mmoja kupinga. Gati liwe jembamba, liinuliwe juu, mbao zake zitobolewe kimia mwanga upite, na lisifunikwe kwa chochote.

Raya alikuwa na jambo moja asiloweza kumwambia mtu. Nyasi zikiwa na afya Shahidi hana la kusema. Kila alipoifanya kazi yake vizuri, alikuwa anamnyamazisha mama yake.

Walipokuwa wakirudi, Makame hakukizima kisanduku. Alikuwa mtu mzima mpole, mpiga mbizi wa halmashauri, na mkono wake mmoja ulikuwa kwenye usukani. Boti ya umeme haikuwa na kelele. Walipita gati la mwisho kabla ya kona, gati la Mzee Shaame Khatib, baba yake Raya.

"Shaame," sauti ilisema.

Haikuwa sauti ile ya kazini. Ilikuwa ya chini, imejaa pumzi.

"Shaame, nifungulie dirisha."

Makame aliuachia usukani. Boti ikazunguka taratibu kama iliyolewa, na kwa muda hakuna aliyeishika.

"Shahidi hana majina ya watu," Makame alisema hatimaye. "Hatukumfundisha majina."

"Mama alinaswa sauti chumbani," Raya alisema. "Maneno yote ya chumbani yamo. Nyasi zikiumia kidogo, mashine inatumia maneno ya kawaida, giza, majani, mchanga. Zikiumia sana, hayo hayaitoshi. Inachimba chini zaidi. Inatafuta neno linalolingana na maumivu hayo."

"Na hilo ndilo limelingana?"

Raya alikuwapo chumbani mama yake aliposema sentensi ile, tena si mara moja. Mwisho mwisho macho ya Bi Mize yalikuwa yakififia, naye alidhani ni dirisha limefungwa.

"Nitakuja kesho peke yangu," alisema. "Ni baba yangu."

"Kwa kuwa ni baba yako, hupaswi kuja peke yako."

"Kaka Makame, nakuomba."

Makame alimtazama, akakizima kisanduku, akampa.

*

Maji yalipokupwa siku ya pili, Raya alivua viatu, akakunja suruali, akaingia chini ya gati la baba yake. Jua lilikuwa kali, na mbao zilikuwa zimetobolewa kimia kama sheria inavyotaka. Yeye mwenyewe ndiye aliyelikagua gati hili lilipojengwa. Lakini hatua chache ndani alijikuta kwenye giza la chumba.

Turubai jeusi lilikuwa limepigiliwa misumari upande wa chini wa mbao, limenyooshwa ncha kwa ncha, kazi ya mtu asiye na haraka. Chini yake mkeka ulikuwa unakufa. Majani machache yaliyobaki yalikuwa yamelala, yamegeuka rangi ya kahawa, na matope yalinuka mayai viza. Kila alipokanyaga alisikia mizizi ikikatika kama nguo kuukuu. Na kidonda hakikuishia chini ya gati. Kilikuwa kimetambaa pembeni, kikielekea kwenye msingi wa nyumba ya jirani, Bi Time.

"Shaame," sauti ilisema juu ya kichwa chake. "Nifungulie dirisha, Shaame."

Sikio la halmashauri, kile kisanduku alichopewa na Makame, lilikuwa mfukoni mwake, limezimwa.

Alipanda ngazi. Mzee Shaame alikuwa ameketi kwenye kiti katikati ya gati, kofia kichwani, kanzu imepigwa pasi kama ya mtu anayetarajia mgeni. Kabla ya kuzeeka alikuwa fundi umeme, na mikono haisahau. Miguuni pake palikuwa na kopo la biskuti lenye tundu, sikio alilojiundia mwenyewe, na waya ulioshuka kati ya mbao mpaka kwenye matope.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Hakushtuka. "Kaa, mwanangu. Usiseme kwanza. Akianza huwa hasemi mara moja tu."

"Baba, umelifunika gati."

"Nimelifunika."

"Mkeka umekufa huko chini. Unajua ulichokifanya?"

"Utaniambia mimi? Mkeka kaupanda mke wangu, na miche nilimbebea mimi." Alitazama maji. "Raya, miaka yote hii nakaa hapa naisikiliza boti yenu ikipita. Mama yako hasikiki mpaka mtu avunje sheria. Nikawa nikiswali, namwomba Mungu mtu avunje sheria, nisikie japo neno. Halafu nikajiuliza, kwa nini nimsubiri mtu mwingine?"

"Si yeye, baba. Ni mashine. Inaokota maneno aliyoyasema kitandani."

"Alikuwa akimwambia nani kitandani?"

Raya aliangalia waya ulioshuka kati ya mbao.

"Alikuwa akiniambia mimi," mzee alisema. "Basi ni yangu."

Afisa wa magati hubeba kisu kiunoni. Akikuta gati limefunikwa anatakiwa akate palepale, kisha siku hiyohiyo aende kutoa taarifa. Raya alikuwa ameshaweka mkono kwenye mpini kopo lilipokwaruza tena.

"Raya kesharudi?" Bi Mize aliuliza. "Mbona kimya? Mtoto kesharudi skuli?"

Raya aliuachia mpini. Alikuwa mwanamke mzima, ana mvi mbili tatu anazozificha ndani ya mtandio, na hakuna mtu duniani aliyebaki wa kuuliza kama amerudi. Alikaa juu ya mbao, miguu imekunjwa, bega lake likigusa goti la baba yake.

"Nimerudi, mama," alisema, na sauti yake mwenyewe ilimtisha.

Kesho yake alikwenda tena, na siku iliyofuata. Kwa Makame alisema uzi mmoja umekatika upande ule, ndiyo maana Shahidi anapayuka. Makame akasema watautengeneza wakipata nafasi, na kila walipopita pale alikizima kisanduku mwenyewe bila kuombwa.

Kadiri mkeka ulivyokufa ndivyo sauti ilivyozidi kuwa safi. Ilisema mambo ambayo Raya hakuwa ameyasikia. Bi Mize alihesabu miche, akapotea, akaanza upya. Aliomba maji. Siku moja alipiga kite, kile cha mgonjwa aliyegeuzwa ubavu mbaya, na Raya alimwona baba yake akiinama mbele kwenye kiti, uso umefunguka, kama anayeogopa kupitwa. Alipojitazama akaona na yeye ameinama.

Aliondoka mapema siku ile. Njiani alijiambia kesho atakata. Kesho ilikuwa Ijumaa.

*

Watu walikuwa wanatoka msikitini ardhi ilipomeza jiko la Bi Time.

Haikutoa kishindo. Waliokuwa karibu walisema ilisikika kama mtu anayekokota gunia la mchele. Bi Time alikuwa ameketi juu ya mbuzi anakuna nazi ya mchuzi wa mchana, sakafu ikainama upande mmoja, naye akateleza pamoja na sufuria, mafiga na nusu ya ukuta mpaka kwenye maji ya kijivu. Raya na Makame walikuwa gati la pili. Walipofika, mama yule alikuwa ameshika ukingo wa sakafu kwa mikono yote miwili, mguu wake umebanwa na tofali, na nazi iliyokunwa imeelea kumzunguka.

"Mtu kaniondolea mkeka," alikuwa akisema walipomnyanyua. "Nimesikia kabisa, mwanangu Raya. Mtu kavuta mkeka chini yangu."

Raya alimshika mkono mpaka machela ilipokuja. Bi Time ndiye aliyemwosha mama yake. Ndiye aliyemsuka yeye nywele kwa ajili ya maziko, kwa kuwa hapakuwa na mwingine.

Majirani walipotawanyika Makame alikaa ukingoni mwa boti, maji yanamchuruzika.

"Uzi haukukatika," alisema.

"Haukukatika."

"Nilijua. Nikanyamaza, nikasema mwache asikie kidogo, na yeye ni mtu. Sasa nafsi inanisuta." Alijipangusa uso. "Wajukuu zake huja kula hapo Ijumaa, Raya. Leo hawakuja. Hilo tu."

"Kesho halmashauri inakaa. Nitasema yote."

"Fikiri kwanza. Ukisema yote, Suwedi atapata alichokuwa akikitafuta. Atawauliza madiwani, huyu ndiye shahidi wenu, mgonjwa anayeita mumewe? Sheria ikianguka kila gati litaezekwa kabla ya mwezi kwisha, na mji wote utaufuata mtaa wa Msufini baharini. Ukinyamaza, tutasema ni ardhi tu imechoka. Turubai utalikata, baba yako atabaki na heshima yake, na sheria itabaki." Alitikisa kichwa. "Sikushauri. Nakwambia tu yaliyopo."

Raya aliangalia shimo palipokuwa na jiko. Ukuta uliobaki ulikuwa na msumari, na kwenye msumari palining'inia kanga ya Bi Time, kavu, haikuguswa.

"Nipeleke kwa baba," alisema.

Mzee Shaame alikuwa amesimama ukingoni mwa gati, hana kofia. Alikuwa ameiona machela ikipita.

"Atapona?"

"Mguu umevunjika. Atapona."

"Alhamdulillahi." Chini ya kiti kopo liliita, Shaame, Shaame, na safari hii mzee hakuligeukia. "Umekuja kukata."

"Nimekuja kukata."

"Ukikata atanyamaza."

"Ndiyo, baba."

"Na mimi nitabaki na nini?"

Raya alikuwa amejiandaa kwa ukali, lakini ukali haukuja. Alikaa kwenye kiti cha baba yake.

"Baba, kule chumbani mama alipokuomba umfungulie dirisha, ulifanya nini?"

"Nilifungua."

"Hata likiwa wazi?"

"Nilikuwa nalifunga kidogo, kisha nalifungua upya, asikie komeo. Apate kutulia." Mzee alijifuta macho kwa kiganja. "Usiku, mchana, mvua inanyesha, nilifungua. Sikumchoka hata siku moja, wewe shahidi."

"Mimi shahidi. Na sasa ni muda gani anakuomba, baba, na wewe umekaa tu hapa juu unamsikiliza?"

Makame aligeuza uso upande wa bahari. Mzee Shaame alisimama pale mpaka maji yakafika alama ya kujaa. Kisha alivua kanzu, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya kiti, akaingia ndani kuchukua koleo.

Walishuka wote wawili, maji kifuani. Raya alikata, mzee aling'oa misumari mmoja mmoja, na turubai liliteremka juu yao kama ngozi ya mnyama. Mwanga ulipenya kwenye kimia ukaanguka juu ya matope meusi vipande vipande. Hapakuwa na kitu pale cha kuupokea, isipokuwa majani machache pembeni.

Lakini nyasi hazijui kwa saa moja kwamba jua limerudi. Juu ya gati sauti iliendelea kuomba, jioni ile na siku zilizofuata. Mzee Shaame hakuukata waya. Alikaa karibu na kopo akajibu kila mara, "Nimefungua, Mize. Nimeshafungua," mpaka koo likamkauka.

*

Ukumbi wa halmashauri ulijaa hadi kwenye ngazi. Raya alisimama mbele ya madiwani akasema yote: turubai, kopo, siku alizokaa akisikiliza, uongo aliomwambia Makame, mguu wa Bi Time. Alipomaliza, Bwana Suwedi aliomba nafasi, akaipata.

Hakupiga kelele. Alizungumza kwa huzuni ya mtu aliyeonya akapuuzwa. Aliomba Makame awashe sikio lililounganishwa na gati la Mzee Shaame, na ukumbi mzima ukasikia mwanamke aliyekufa akimwita mumewe. Mama mmoja nyuma alianza kusoma dua.

"Mmesikia," Bwana Suwedi alisema. "Anaweweseka. Kwa maneno ya huyu nimeteremsha makuti yangu. Kwa maneno ya huyu mmewanyima watu vibali. Nawaombeni, waungwana, tuwaache wafu wapumzike, na sheria yao ipumzike nao."

Mwenyekiti wa halmashauri, Bi Rukia, alimgeukia Raya. Alikuwa mama mwembamba mwenye miwani, mzaliwa wa Msufini. "Una la kujibu?"

"Bwana Suwedi amesema kweli," Raya alisema, na minong'ono ikapita ukumbini. "Maneno si ya nyasi. Ni ya mama yangu, na hakuyatoa ili myafanyie haya. Lakini maumivu ni ya nyasi. Bi Time hakuvunjwa mguu na mzimu. Kavunjwa na kivuli, na kivuli kakiweka mtu, na mwenye kazi ya kukiondoa alikaa chini yake akalia. Itoeni sauti ya mama yangu kwenye mashine. Sheria iacheni ilipo."

"Sauti ni amana," Bi Rukia alisema. "Marehemu aliutolea mji. Haitolewi bila ridhaa ya mumewe. Mzee Shaame yupo?"

Alikuwapo, mlangoni, kwa kuwa hakutaka kukaa. Watu walimpisha. Alisogea mpaka kwenye meza yenye sikio, akaweka kiganja juu yake kama anayepima homa.

"Itoeni," alisema. "Amesemeshwa vya kutosha."

Kura ziligawanyika sawa kwa sawa, na Bi Rukia ndiye aliyeamua. Sheria Ndogo ya Magati ilibaki. Shahidi aliondolewa maneno, akapewa mlio mmoja tu, mkavu kama wa mlango unaobanwa, unaozidi nguvu kadiri kivuli kinavyozidi. Raya aliachishwa kazi, Makame akapewa karipio, na boti akaachiwa yeye. Gati la Mzee Shaame liliamriwa livunjwe lote, na baba na mwana wakaamriwa waupande upya mkeka walioua, kwa mikono, mpaka ushike.

Fundi aliyekuja kuitoa sauti alikuwa kijana mwenye adabu. Alimuuliza Mzee Shaame kama angependa apewe nakala abaki nayo nyumbani, isiwe ya mashine, iwe ya familia. Raya, kando ya baba yake, alikuwa ameuma mdomo mpaka ukatoka damu. Alitaka kusema ndiyo. Neno lilikuwa limeshafika ulimini.

"Hapana," baba yake alisema.

Kwa wiki kadhaa baada ya hapo Raya hakuweza kulala nyumba yenye kimya. Aliacha feni ikizunguka, aliacha redio ya jirani imwingilie dirishani. Akiwa barabarani aliwahi kugeuka mara nyingi kwa kudhani ameitwa. Baba yake naye alikuwa hivyohivyo. Walipokutana asubuhi walitazamana macho mekundu, wakabeba makapu ya miche, wakateremka.

Bi Time alirudi kutoka hospitali na magongo, akakataa kuhamia kwa mwanawe. Aliwekewa kiti kwenye kibaraza kilichobaki, na kila maji yalipokupwa alikuwa pale akiwasimamia.

"Shaame, hiyo umeipanda kama unazika paka! Ifukie vizuri. Na wewe Raya, mbona safu yako imepinda?"

"Ndiyo, Bi Time."

"Msiniitikie ndiyo. Pandeni."

Hakuwasamehe kwa mdomo. Lakini siku ya pili alimtuma mjukuu na birika la chai ya tangawizi, na siku ya tatu na mikate ya kumimina.

Walikuwa karibu na mahali kiti cha mzee kilipokuwa zamani, wameinama bega kwa bega, matope hadi kwenye viwiko, Mzee Shaame aliposimama ghafla kunyoosha mgongo. Tangu mkewe azikwe hakuwa amemtaja ila kwa habari ya ugonjwa wake au sauti yake.

"Mama yako alikuwa hajui kuogelea," alisema.

Raya aliinua uso. "Mama?"

"Hata kidogo. Maji yakimfika kifuani anapiga ukelele. Mkeka wote huu unaouona, kaupanda mimi nimemshika nyuma. Kanga yake nilikuwa nimeifunga kwenye mkono wangu kama kamba ya mbuzi, ili asichukuliwe." Kitu kilimtoka kifuani, kicheko kilichoota kutu. "Na muda wote ananitukana, Raya. Kila nikilegeza kidogo, ananitukana matusi ambayo sijui kayajifunzia wapi, mtoto wa maalimu yule!"

"Akikwambia nini?"

Mzee Shaame alimtupia jicho Bi Time kule kibarazani. Aliinama tena, akaukamata mche, akaanza kumsimulia kwa sauti ya chini huku mikono yake ikifukia mizizi, na Raya akasogea karibu yake, kapu amelisahau, asipitwe na neno.